Kaseti ya Filamu

Fidla ililia chumbani kwa mama, likafuata gitaa la disko, kisha dufu.

Niliingia nikaisimamisha kaseti ya nyimbo za filamu. Ndiyo pekee tuliyokuwa nayo kisiwani Chula, na mashua ilikuwa ikipakia kwenda Kismayo. Nilitaka kurekodi mashairi yangu juu yake, niitume kwa mashua hiyo, wayasikie washairi wa mjini walionidharau.

Niliziba kwa kikaratasi kile kitundu cha kaseti kinachozuia kurekodi. Kidole kikawa juu ya kitufe chekundu.

“Futa, Famau,” mama alisema. “Ila niache kwanza niumalize wimbo huu.”

Nikauachia. Dufu likageuka rumba, mama akacheka. “Mshairi, mbona mabega yanacheza?”

Nilikichokoa kikaratasi kwa ukucha.

“Baki na nyimbo zako, mama. Nitapanda mashua mwenyewe, niwaghanie ana kwa ana.”