Halijakataa Kuwaka

Mume wangu alikuwa akilisifu gari lake la Kiingereza mbele ya mnunuzi, na mimi nimesimama nyuma yao na trei ya chai.

"Miaka ishirini na sita, kilomita elfu nane tu," alisema, akifuta boneti isiyo na vumbi. "Viti ni ngozi tupu. Nyuma hakujakaa mtu, nailoni ya kiwandani bado ipo."

"Halisumbui betri?"

"Hili? Kila Jumapili nalipasha moto. Tangu nilinunue halijakataa kuwaka hata siku moja."

Alisahau kuwa nipo.

Siku ile ya mvua aliniambia betri imekufa. Nikambeba binti yetu mgongoni kwenda hospitali, akinitapikia shingoni, na kabla hatujafika akanyamaza kabisa.

Niliitua trei juu ya boneti yake. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaichana ile nailoni kwa kucha, nikakaa na viatu vyangu vya matope.

"Mama watoto, shuka basi, tuna mgeni."

"Si umesema halijakataa hata siku moja? Liwashe. Nipeleke makaburini."