Mshauri wa Jovitha

Tangu jukwaa la waombaji wa vyuo liboreshwe, mzazi haruhusiwi kumshauri mwanawe. Mfumo humpa mtoto wa mzazi mwingine amshauri, majina yakiwa yamefichwa. Asubuhi ile Adelina alimwandikia kijana asiyemjua: "Mwanangu, udaktari utakutesa. Omba ualimu." Nafasi za udaktari zilikuwa chache, na binti yake Jovitha aliutaka tangu utotoni.

Jioni, mama na binti walikuwa jikoni wakimenya ndizi.

"Mama, nimebadilisha. Naomba ualimu."

"Nani kakuambia?"

"Mshauri wangu, aliniandikia jana. Ana huruma huyo mama! Ananiita mwanangu."

Kisu kikasimama mkononi mwa Adelina. Angesema huyo mama anadanganya, Jovitha angeuliza amejuaje.

"Basi mshukuru," akasema, na kumwita Jovitha "mwanangu" kukamshinda.