Kiraka cha Fizi

"Nipe kioo," alisema baba, mdomo ungali na ganzi.

Binti yake, daktari wa meno, alimpa. Fizi za mzee zilikuwa zimepanda hadi mizizi ya meno ikawa nje. Hivyo binti alikuwa amechukua nyama kidogo kaakaani mwa mzee, akaishona pale kama kiraka. Lakini baba ni fundi cherehani, na kila alichoshona binti utotoni kilipata jibu moja: "Fumua!"

Mzee akainua mdomo kwa kidole, akazikodolea macho zile nyuzi, uzi kwa uzi.

Kisha akainuka, akafungua mlango. Wagonjwa kwenye benchi wakageuka.

"Sogeeni muone mshono! Huyu nimemzaa mimi!"

"Baba, funga mdomo, nyuzi zitakatika!"

"Zikatike vipi, na umeshona wewe?"