Kuku Mbele ya Kioo

Kuku wetu mwekundu alikataa kula tangu nilipomtoa bandani, baada ya wenzake kumdonoa kisogo mpaka ngozi ikabanduka. Nilimpaka dawa ya zambarau, nikamweka jikoni karibu na moto. Mahindi hakuyagusa, na alikuwa amebaki manyoya na mifupa.

"Kuku hali peke yake," alisema mke wangu Casilda, akipiga kwa viganja tortilla, zile chapati za mahindi. "Na wewe, baba, si kuku, hata ukimkalia hapo kutwa."

"Basi nimrudishe wammalize?"

"Mchinje tunywe supu. Au mtafutie mwenzake asiye na mdomo."

Alisema kwa mzaha, lakini mimi nilikwenda chumbani nikashusha kioo ukutani. Nilikiegemeza kwenye gunia, nikamwaga punje chini yake.

Kuku aliinua shingo. Akamwona kuku mwingine, mwekundu kama yeye. Casilda akaacha kupiga tortilla.

"Haya mama, kula," nilimwambia kuku.

Alisogea hatua moja. Kisha akafumba macho, akainamisha kichwa mpaka mdomo ukagusa sakafu, akakielekezea kioo kisogo chake chenye kidonda, akangoja.