Picha ya Kabla ya Korosho

Kila asubuhi Chamima aliitoa picha ya mapafu uvunguni mwa kitanda, akaiegemeza dirishani penye jua. Upande wa kulia, juu, palikuwa na doa jeupe, kubwa kiasi cha korosho. Alilikodolea macho mpaka machozi yakamlengalenga, kisha akairudisha picha kwenye bahasha taratibu, kama vile doa lingemwagika.

Wiki ya sita hiyo hajavuka ua wake pale Olumbi. Bangili alizivua, manukato hakuyagusa. Jirani yake Zubaida alimletea uji, akazungumza kwa sauti ya chini, akaondoka mapema. Wengine walipita nje wakinong'ona. Upweke ulimbana kifua kuliko kitu kingine chochote.

Maelezo ya picha yaliandikwa kwa Kireno, kwa hiyo aliyapitisha juu ya ua kwa mwalimu Lázaro, ayasome akiwa hukohuko nje. Mwalimu alisema ni kinundu. Huenda ni kovu la kifua kikuu cha zamani, huenda ni uvimbe mbaya. Picha peke yake haitoshi kusema.

"Kovu halina haraka," alisema Chamima. "Na uvimbe?"

"Uvimbe una haraka, mama." Mwalimu aliyarudisha maelezo juu ya ua. "Hilo mwachie mtaalamu."

Hapo ndipo roho ilipomuuma. Picha ilipigwa kabla ya korosho kuanza kudondoka. Miadi ya kwanza ilipotoka, ni yeye Chamima aliyeshikilia korosho ziokotwe kwanza, mambo ya hospitali yatafuata. Kama ni kovu, hakuna kilichoharibika. La sivyo, ule mwezi mmoja wa kuokota ulikuwa wa kufa au kupona, naye aliumalizia shambani, tena akiimba.

Mtaalamu alikuwa akija hospitali ya Mocímboa mara moja tu kwa mwezi. Siku yake ilipofika, Zubaida alimkuta jirani yake ameshajitanda, bahasha iko kwapani.

"Safari ya nini tena, dada?" aliuliza. "Bado hujakubali tu?"

Chamima alimwambia hawezi kulala bila kujua. Zubaida hakubishana. Alimrekebisha mtandio, akamsihi jua lisimzamie njiani.

Kwenye foleni hakuongea na mtu. Alipoingia, daktari aliipokea bahasha bila kuinua uso. Aliiweka picha kwenye taa, akaitazama kwa muda mrefu, akaguna. Halafu akavaa masikioni kifaa chake cha kusikilizia kifua.

"Kaa hapo, mama. Vuta pumzi."

Chamima hakukaa. Alinyoosha kidole kwenye pembe ya picha.

"Soma jina kwanza, daktari."

Daktari akasogea karibu, akasoma. "Hamido," alisema. "Huyu ni nani?"

"Mume wangu. Niko edani," alijibu Chamima. "Niambie tu: ningeziacha korosho zioze, leo ningekuwa naye?"