Mke Mkubwa Kaogeshwa

"Nani ameisugua hii?" mthamini wa sarafu aliuliza, jicho bado kwenye lenzi.

"Mimi," mjane akajibu. "Kwa dawa ya meno na kitambaa. Nisingekuletea kitu kichafu, mwanangu."

Sarafu iling'aa kiganjani mwa mthamini kama jino la dhahabu. Kiwandani ilipigwa kombo: kichwa kimekaa pembeni, pua imekatikia ukingoni, na upande wa pili umebaki mtupu kama kipara. Kwa kosa hilo, marehemu mumewe aliitunza miaka thelathini, akimtania, "Huyu ndiye mke mkubwa. Usimguse."

Na kweli hakumgusa, mpaka wiki hii, aliposafisha nyumba nzima baada ya mazishi.

"Kosa lenyewe ni la kweli, mama," mthamini akasema taratibu, akiiweka sarafu mezani. "Ingekupa hela ya kujenga. Lakini wanunuzi wanataka ile rangi yake ya uzee, na wewe umeitoa. Sasa haina bei ya maana."

Mjane alisubiri uchungu uje. Haukuja, kama ambavyo haukuja makaburini. Alitazama vidole vyake, vilivyokunjamana kwa maji ya sabuni.

"Hairudi?"

"Ikishatoka imetoka, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha mkono wake, uliokuwa ukiifuata sarafu, ukasimama hewani.

Mthamini alipoinua macho, mama wa watu alikuwa tayari mlangoni, sarafu kaiacha mezani. Shati la mwisho alilovaa mumewe, lile lenye harufu ya jasho lake kwenye kola, alikuwa ameliloweka kwenye sabuni asubuhi.