Pimbi Aliyemmalizia Mwanawe Maneno

Majabalini aliishi mama Pimbi mwenye binti mkubwa na kitinda mimba aliyekuwa akijifunza kusema. Pimbi huyu hakuwa na subira. Mtoto akitamka "Maji," yeye humalizia, "Unataka maji, baba," akampa.

"Mwache amalize mwenyewe," wifi yake alimwambia.

"Kwani mimi simwelewi?"

"Unamwelewa, wifi. Lakini ukuni mmoja hauivishi chungu, na neno moja halifikishi habari."

Siku moja mtoto aliingia pangoni akihema. "Mama, tai..."

"Tai amepita, nimemwona," Pimbi alisema, huku akitandika majani.

"Dada..."

"Dada yako anamwogopa tai. Najua, mwanangu."

Mtoto alifumbua kinywa kutafuta neno la kufuata, asilipate, maana hakuwahi kuachiwa alitafute. Akaangua kilio. Shangazi yake alikuja, akachutama mbele yake. "Tai amefanya nini?" akauliza, kisha akanyamaza na kungoja.

"Tai amerudi," mtoto akasema polepole. "Dada yuko nje peke yake."

Walitoka mbio. Juu ya jabali walikuta manyoya ya binti tu.

Jioni mtoto alimsogelea mama yake. "Dada..." akaanza, akamtazama ili ammalizie. Pimbi aliyajua maneno yaliyobaki. Aliyameza, akamkumbatia mwanawe, akasubiri.

"Dada hatarudi," mtoto akasema.

"Ndiyo, baba," mama akajibu. "Hatarudi."